Abiria wa Mfuko wa Kulia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, uliyeamka mapema ukavuka daraja la Nile ili uwe nasi. Mheshimiwa Meya wa Jiji la Jinja. Ndugu Wajumbe wa Bodi, ambao treni hii itawafikisha Mbale leo. Ndugu Mkurugenzi wa safari hii mpya, pamoja na wataalamu wako. Viongozi wetu wa misikiti, makanisa na mahekalu. Wazee wa genge la reli. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi mnaouza chapati nje ya uzio, ambao hamkualikwa lakini mnasikia vizuri kuliko waliokaa mbele. Assalaam alaykum. Kodheyo, watu wa Jinja. Mulembe, watu wa Mbale.

Mimi ni Jamirah. Wengi mnaniita Nalongo, kwa sababu nilizaa mapacha, na mmoja wao, Babirye, ndiye yule pale anayemwomba Mungu nisizungumze sana. Nimepewa nafasi hii kwa niaba ya marehemu mume wangu, Adrisi, nyapara wa genge lililotunza njia kati ya hapa na Wanyange, aliyetuacha miezi minane iliyopita. Barua ya mwaliko ilisema nije kutoa shukrani. Nitazitoa. Lakini nimekuja pia na ombi, na afadhali mlijue sasa hivi ili msikae mkijiuliza. Naomba treni hii isimame Wanyange. Ratiba iliyobandikwa ukutani inasema itapita bila kusimama, na kesho, huko Mbale, Bodi itakaa kuipitisha ratiba hiyo kwa mwaka mzima.

Ninazungumza Kiswahili. Najua wapo hapa watu ambao wakikisikia bado wanashtuka kidogo, wanakumbuka askari wa enzi zile wakikifoka mlangoni. Siwalaumu. Utotoni hata mimi nilikisikia hivyo. Halafu nikaolewa relini, nikawakuta watu wa Mbale, wa Tororo, wa Kisumu na wa hapa kwetu Busoga wamelishika taruma moja la kulazia reli, wanahesabu moja, mbili, tatu kwa Kiswahili ili wote wainue pamoja. Tangu siku hiyo, kwangu, hii ni lugha ya kuinua kitu kizito.

Adrisi alikuwa mtu wa Mbale, mtoto wa mlimani, na aliliogopa ziwa maisha yake yote. Alitia sukari vijiko vitatu kwenye chai na akiulizwa alisema viwili. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji na kilima cha Wanyange kikionekana kama kinaelea, alichukua spana yake ndefu akaenda kukagua njia. Na kabla ya kutoka, alitia maharage mabichi katika mfuko wa kushoto wa koti. Mwezi wa kwanza wa ndoa yetu nilidhani ni usahaulifu. Nikalifua koti, nikayakuta maharage mfuko wa kulia, nikayatia chunguni pamoja na mengine. Jioni akala, akashiba, akaniuliza, "Jamirah, yale maharage ya kotini yako wapi?"

Nikamwambia, "Unayo tumboni."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu," akasema, "umepika abiria wangu."

Ndipo akanieleza. Treni za abiria zilipoondolewa, kituo kidogo cha Wanyange kilifungwa, mabati yakabebwa, jukwaa likaota nyasi. Lakini watu waliendelea kuja asubuhi kana kwamba hakuna aliyewaambia, ila sasa walitembea juu ya mataruma mpaka Jinja, wengine sokoni, wengine kutafuta gari la Iganga, la Tororo, la Mbale. Kazi ya Adrisi ilimtaka awafukuze. Aliwafukuza kwa salamu. Kila aliyemsalimia, alihamisha haragwe moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda mfuko wa kulia, na jioni aliyamwaga kwenye sahani kando ya chai yake, akaniambia, leo arobaini na nane, leo hamsini na mbili. Hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza mara moja, "Hao abiria wako wanasafiri na treni gani?" Akanijibu, "Abiria wapo, Nalongo. Ni treni tu haijafika."

Sasa nimsifu Ndugu Navin. Simama, baba, watu wakuone. Huyu ni mtoto wetu, mama yake ni Sushma wa duka la vitambaa, na alipokuwa mdogo alikuwa akijificha chini ya kaunta na kutuvuta kanga. Leo ndiye mtaalamu aliyepanga vituo vya treni hii. Yeye na vijana wake walikaa siku saba barabarani, kuanzia Nalufenya mpaka njia panda ya Wanyange, mvua na jua, wakihesabu kila teksi, kila lori, kila boda boda, na kuwauliza watu wanakwenda wapi. Nani kati yetu angekaa siku saba kwenye vumbi lile bila kugombana na mtu?

Alikuja nyumbani kuniletea mwaliko. Nikampa chai, nikamuuliza kuhusu Wanyange. Akanijibu kwa heshima.

"Nalongo, treni si boda boda. Kuisimamisha na kuiondoa tena kunakula mafuta na dakika, na dakika hizo tunawanyang'anya walioko ndani. Kituo lazima kiwe na watu wa kutosha. Wanyange tulipata tisa kwa siku."

"Mlikaa wapi?"

"Si nimekwambia? Barabarani."

"Na relini je?"

"Nalongo, relini hakuna magari."

"Ndiyo maana wanatembea."

Akaweka kikombe chini. Babirye, ambaye hana adabu, akamwambia, "Bwana Navin, kunywa tu. Hiyo chai haina nauli."

Ndugu zangu, sisemi haya kumwaibisha. Alikuwa mtu makini, ila alisimama mahali ambapo wasio na nauli hawapiti. Ukitaka kujua nani atapanda treni, ukawauliza wale walio ndani ya gari tu, aliyechoka kuliko wote hutamwona, kwa sababu ametangulia kwa miguu. Navin mwenyewe ameyakubali haya, lakini anasema ratiba imekwisha toka mikononi mwake, iko mikononi mwenu.

Mfikirieni Namukose, anayekausha mukene, dagaa wa ziwa letu, pale Wanyange. Mbale ziwa liko mbali, mukene wake ungepata wanunuzi wazuri. Kwa ratiba hii, itabidi atembee na gunia kichwani mpaka hapa Jinja, akate tiketi, aketi dirishani, na baada ya dakika chache auone mlango wa nyumba yake ukimpita. Tumwambie nini? Awapungie watoto mkono?

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza kitoto. Ile lami ya Nalufenya, kuna aliyewahi kuiuliza imeingiza faida gani mwaka huu? Tunaitengeneza, inaharibika, tunaitengeneza tena, na wote tunasema ni ya wananchi. Mbona reli peke yake ndiyo tunayoisimamisha mbele ya darasa na kuitaka ijieleze? Mukene ukifika Mbale ungali mzuri, mtoto wa Namukose akipelekwa kliniki asubuhi badala ya adhuhuri, faida hiyo itaandikwa kwenye tiketi ya nani?

Tangu Adrisi aondoke naota ndoto moja. Treni inatoka kwenye ukungu bila sauti, ndefu, madirisha yote yana mwanga wa asubuhi, inasimama Wanyange kwenye zile nyasi. Watu wanavua kandambili kabla ya kupanda, kama wanaingia nyumbani kwa mtu, wanaziacha zimejipanga jukwaani, wanaingia taratibu. Adrisi amesimama kando na koti lake, mkono unakwenda kushoto, unarudi kulia. Ninamwita, "Wewe hupandi?" Ananiambia, "Ngoja kwanza, bado nahesabu." Ninaamka, ninapika chai, na mara nyingine nakuta nimetoa vikombe viwili.

Koti lake sijalifua mpaka leo. Siku ile ya mwisho alirudi akalitundika, akasema kichwa kinamuuma, hakumwaga maharage kwenye sahani. Tukampeleka hospitali, hakurudi. Eda ilipokwisha ndipo nilipotia mkono mfukoni. Mfuko wa kulia ulikuwa na sitini na moja. Babirye aliniambia, "Mama, yataingia wadudu, tuyatupe." Nikamwambia, "Yaache. Hao ni watu."

Ninayo hapa, kwenye kitambaa hiki. Mtu anaweza kusema hesabu ya asubuhi moja haitoshi, na ikiletwa na mfiwa haitoshi kabisa. Ni kweli. Kwa hiyo siwaombi mniamini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pokea. Tafadhali, yatie mfuko wa kushoto. Dereva wetu, Bwana Burhan, ameniambia mataruma ya Wanyange ni mapya, kwa hiyo pale ataipeleka treni mwendo wa mtu anayetembea. Keti dirishani, upande wa ziwa. Sijamwambia mtu yeyote aje kusimama pale, wala avae nguo nzuri. Ni asubuhi tu, kama asubuhi zote. Kila utakayemwona anatembea kando ya njia, hamisha haragwe moja. Na kama unaweza, msalimie, kwa sababu Adrisi hakumhesabu mtu ambaye hakumsalimia.

Mengi yakibaki mfuko wa kushoto, nitajua kwamba mume wangu aliwapenda watu mpaka akawaona wasiokuwepo, na ratiba ibaki ilivyo, sitarudi kulalamika. Nitakuomba tu unirudishie maharage yangu.

Nawashukuru nyote. Navin, nakushukuru kwa kuniletea barua mwenyewe badala ya kutuma mtu. Wazee wa genge, nawashukuru kwa kulibeba jeneza lake kwa hesabu ileile, moja, mbili, tatu. Babirye, asante kwa subira, nimemaliza.

Na wewe, Mheshimiwa, maharage yakiisha mfuko wa kushoto kabla watu hawajaisha njiani, usitafute mengine. Mwambie Burhan asimame.

Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho, na safari njema.