Kasmir Yusto Anaiacha Klorini

Baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye mtambo wetu wa maji, ndugu yetu Kasmir Yusto anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kazi yake ilikuwa kutia klorini. Maji ya kila bomba la mji wa Majengo yalipita mikononi mwake, na shukrani aliyopewa mara nyingi ilikuwa malalamiko ya harufu.

Wanafunzi waliotembelea mtambo walimpenda. Aliwasimulia ukoo wa halojeni kama anayesengenya majirani: floridi ya dawa ya meno, mpole akiwa kidogo, iodini, hayo madini joto ya kwenye chumvi, anayelinda shingo zetu zisiote rovu, na klorini, mkorofi asiyepita mahali bila kung'ang'ania kitu. Ukorofi huo anaujua kifuani. Mtungi wa klorini uliwahi kuvuja, akavuta hewa yake, na tangu hapo vikao vyetu hufunguliwa na kikohozi chake, kisha mwenyekiti.

Masika maji yakichafuka, aliongeza dozi. Wapika pombe ya ulezi walimnunia, maana klorini nyingi huua hamira. Mwaka mmoja pombe ya harusi ya mtoto wa Cornelia, dada yake, iligoma kuiva. Dada akaja mtamboni, akamwambia mbele yetu, "Kasmir, umeniaibisha kwa wakwe. Maji yako sinywi tena." Akaanza kuteka kijitoni.

Suluhisho lilikuwa jepesi: acha maji wazi kwenye pipa siku nzima, klorini ijiendee. Kasmir alilijua, ila alitaka dada aombe radhi kwanza. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, nasi tukashika majembe yetu.

Kikaja kipindupindu. Waliotumia bomba walisalimika. Cornelia hakupona, na klorini iliyopulizwa nyumbani kwake kabla ya mazishi ilichanganywa na Kasmir, mdogo wake mwenyewe. Inatuuma mpaka leo.

Tangu hapo Kasmir amemfuata kila mpika pombe nyumbani kumweleza habari ya pipa. Wengine wanamwona msumbufu.

Kaka Kasmir, asante kwa maji tuliyokunywa bila kuugua. Nenda kijijini Chala ukalime, kifua kipate nafuu, usingizi ukurudie. Tulitaka kuandika hapa kwamba uliuokoa mji mzima. Umetukataza, ukasema Cornelia naye alikuwa mtu wa mji huu.