Saa Nane ya Uchina

Kijiwe chetu kipo Tunduma, nyuma ya maegesho ya malori, karibu na Zambia kiasi kwamba ukitema mate kwa bidii yanahitaji pasipoti. Asubuhi hiyo ya mwaka 2008, saa nne na nusu, mzee Masudi alikuwa akitumiminia kahawa, simu yake kaiweka juu ya kopo la kashata. Binti yake Mwanaisha alipanda ndege Dar jana yake saa kumi jioni kwenda Guangzhou, Uchina, kupitia Dubai, kufunga mzigo wa viatu, safari yake ya kwanza. Aliaga hivi: “Baba, tiketi inasema natua kesho saa nane mchana. Nikitua tu, napiga.” Wataalamu tulikuwa watatu: Mizani, dereva wa lori, Kwacha, mbadilisha fedha, na mimi Yonathani, wanayeniita Rubani kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyewahi kukalia kiti cha ndege. Kiti chenyewe kilikuwa juu ya lori, kikipelekwa Lusaka, lakini kiti ni kiti.

— Saa nane bado, mzee, nikamtuliza. Mimina.

— Guangzhou ni kilomita elfu tisa, akasema Mizani. Dar mpaka hapa mara kumi. Mimi natumia siku tatu. Tatu mara kumi, thelathini. Huyo anatua mwezi ujao.

— Ndege ina foleni, wewe? nikamuuliza.

— Sasa Dubai wanasimama kufanya nini kama si kupima mzigo? Mwenda pole hajikwai.

Kwacha akacheka kwa dharau.

— Nyie saa hamzijui. Hapa ni nne na nusu, Nakonde pale, upande wa Zambia, ni tatu na nusu. Ukivuka umepata faida ya saa moja. Uchina iko upande wa pili, kule ni hasara.

— Hasara ya saa ngapi? akauliza Masudi. Kikombe changu kilikuwa kinafurika, wala haoni.

— Inategemea soko, mzee. Juzi ilikuwa tano.

Masudi akahesabu kwa vidole.

— Basi kwao sasa ni tisa na nusu. Ameshatua. Mbona hapigi?

Nikaingilia kati kitaalamu.

— Mzee wangu, ndege haiendi popote. Inapanda, inasimama. Dunia ndiyo inayozunguka. Uchina ikifika chini, wanashuka.

— Acha kamba, Rubani! Mafuta sasa ya nini? akaruka Mizani.

— Ya kuwashia taa, isigongwe. Wahenga hawakusema usisafirie nyota ya mwenzio?

— Na dunia ikichelewa? akauliza Kwacha.

— Abiria wanagawiwa soda.

Tukacheka, isipokuwa Masudi. Aliichukua simu, akaifuta vumbi kwa kanzu, akairudisha.

— Waungwana, nauliza moja tu. Sasa hivi, mwanangu yuko angani au yuko chini?

Mizani akainama kukagua tairi la lori lisilo lake. Kwacha akawa anapapasa mifuko. Mimi nikanywa kikombe nilichokwisha kukimaliza.

Masudi akalifunika birika, mvuke bado unalitoka mdomoni, kahawa inacheza ndani.

— Kahawa imekwisha.