Marehemu Momanyi na Wimbo wa Kibuyu

Wazee, akina mama, na nyinyi wote mliofika hapa Chepilat, mimi Kepher Obonyo nimepewa na familia kazi ya kusoma karatasi hii, ingawa niliacha shule darasa la nne, kwa sababu hakuna jambo katika maisha ya marehemu ambalo sikuliona kwa macho haya mawili, isipokuwa kuzaliwa kwake, na hata hapo nilikosa kwa miaka michache tu.

Marehemu Momanyi Nyang'au alizaliwa katika boma hili mwaka wa 1929, akasoma shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaiacha mwaka wa 1943 ili achunge ng'ombe wa baba yake, na tarehe 7 Februari 1949 akaandikwa kazi ya kuchuma chai upande wa Kericho, ambako mimi nilimkuta miaka miwili baadaye, tukakaa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba zinazogusana ukuta kwa miaka ishirini na sita, naye alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua uongo hata nilipojitolea kumfundisha bure.

Mwaka wa 1954 alimwoa Mokeira, mama Elmina huyu aliyeketi mbele yenu, wakapata Elmina mwaka wa 1956, Nyamwange mwaka wa 1959, na kitinda mimba wao Nyatichi mwaka wa 1963, ambaye surua ilimchukua tarehe 2 Juni 1970, akazikwa pale nyuma ya migomba, na baba yake akarudi kambini siku ya nne, akachuma chai bila kukosa siku hadi mvua zikaisha.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana mwaka wa 1967 kampuni ilituletea televisheni kwenye holi ya kambi, imefungiwa ndani ya sanduku la mbao, marehemu akapewa ufunguo, na ni yeye aliyetufungulia kila jioni kipindi cha watoto, ambacho hata sisi wenye ndevu tuligombania benchi la mbele, tumwone Kibuyu, yule mwanasesere mwenye kichwa cha kibuyu, akiimba nyimbo zake, na mmojawapo aliuimba akisimama kwenye mlango wa kijumba chake, nani bado yuko nje, aingie nifunge.

Wimbo huo wa mlango tuliuona mara mbili tu, Oktoba 1968, Kibuyu alipoupiga mlango pwaa, na Machi 1970, alipousukuma polepole huku akichungulia, na kambi ikagawanyika, sisi wa nyumba za juu tukishikilia ule wa kwanza, wa chini wakishikilia wa pili, Okoth fundi wa mashine akitutukana wote, "Nyinyi watu wa majani, huo upole mnaousifu ni rola zangu za kiwandani zilikula umeme, picha ikanywea," na Marcella wa mandazi akimrudishia, "Na akili yako, Okoth, ililiwa na nini?" lakini Nyatichi, juu ya mapaja ya baba yake, hakutaka ubishi huo, aliuliza swali moja tu, kama kuna mtoto ambaye hajafika, je, Kibuyu amemfungia nje, na marehemu alipomzika mtoto akabaki na swali lake.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 1971, mchana, ilishuka mvua ya mawe iliyopasua majani ya chai kama wembe, watu wakajifungia manyumbani, na jioni, mawe yakiwa bado yanashuka, marehemu, akiwa peke yake holini, akauona wimbo mara ya tatu, Kibuyu akiimba kwa sauti iliyosikika wazi kupita kelele za mabati yaliyokuwa yakipigwa mawe, mlango ukabaki wazi, na ndani nyuma yake mtoto ameketi chini, amemkazia marehemu macho.

Alipotusimulia Jumatatu, Okoth hakucheka, na hapo ndipo tulipoingiwa na baridi, akasema, "Momanyi ndugu yangu, mti ulikata nyaya Jumamosi saa tisa, mimi mwenyewe nimeziunga leo asubuhi, kambi nzima ilikuwa giza, hiyo televisheni iliwaka na nini?" na kuanzia siku hiyo akina mama wakawa wanawavuta watoto marehemu akipita, hadi Kiplangat, nyapara wetu, akaja holini na barua ya ofisi, achukue ufunguo, na marehemu arudishwe kwao kama mgonjwa wa kichwa.

Ndipo nikasimama mbele ya watu wote, nikasema nilikuwa nimejikinga mvua pale dirishani, nilimwona Kibuyu, na mtoto nilimwona, na asiyeamini nimwambie zaidi, mtoto alikuwa na soksi moja nyekundu, mguu wa kushoto, wa kulia ulikuwa mtupu.

Mokeira alishika ukuta, marehemu akaketi sakafuni, kwa sababu Nyatichi alizikwa hivyo hivyo, soksi ya pili walikuwa wameitafuta nyumba nzima wasiione, na waliomvisha walikuwa hao wawili peke yao, mlango umefungwa, hawakumwambia mtu, basi Kiplangat akarudisha barua mfukoni, Okoth hakuubishia wimbo ule tena, na marehemu akaanza kulala usingizi, ila kila mvua ya mawe iliponyesha alibisha kwangu akiuliza, "Kepher, mguu gani?" nami nikimjibu, "Wa kushoto, omogaka, mzee wangu."

Novemba 1977 kifua kilimshika, akalazwa Kericho, na Alhamisi tarehe 9 Machi 1978, saa kumi na moja jioni, aliniuliza mara ya mwisho, nikamjibu, akageuka kwa muuguzi akamwambia, "Basi sista, funga mlango, tumeingia wote," akatuacha.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa kambi waliokesha na mama Elmina, wenzetu wa kiwandani, na Okoth, aliyetengeneza bawaba za jeneza hili kwa mikono yake.

Na kabla sijakunja karatasi, nilisema niliona yote, na karibu yote niliyaona, lakini Jumamosi ile nilikuwa Litein, baiskeli yangu ikizibwa pancha, na ile soksi niliitunga pale pale niliposimama, ili wasimchukulie rafiki yangu ufunguo, wekundu ukaja mdomoni, mguu wa kushoto ukaja mdomoni, na kwa miaka hii yote nimejiuliza ni nani aliyeviweka hapo, mama Elmina unisamehe, nawe Momanyi pumzika, amani iwe yako, na ukimkuta mtoto mtazame mguu, lakini tafadhali, usije kuniambia.