Rufaa ya Goti la Magreth

Kwenye basi la kutoka Kiomboi kwenda Singida, mzee aliyekaa mbele yangu alimpa jirani yake, dada muuguzi, barua aisome. Bima ilikuwa imekataa kulipia upasuaji wa goti la mkewe, naye alikuwa anakwenda kukata rufaa.

“Babu, hapa umeandika Magreth ana sauti nzuri. Futa. Wanataka maelezo ya daktari.”

“Ya daktari nimeambatanisha. Lakini daktari hajui kuwa tangu Pasaka kilima cha kanisani kimemshinda, anaimbia jikoni peke yake.”

“Bima hailipii kwaya, babu.” Hata hivyo, alikuwa anafuta machozi.

“Siwezi kumwombea goti bila kumtaja mwenyewe, mjukuu wangu.”

Basi likasimama stendi. Wakashuka wameshikana mikono, bado wanabishana.