Goti la Injini Lawekwa Kwenye Kikao

Asubuhi ile kijiwe kilichangamka kuliko siku ya fainali. Injini, fundi magari mstaafu, aliwekewa goti bandia la kulia miezi kadhaa iliyopita, na leo nesi angempigia kupima kama limemsaidia. Likionekana limemfaa, daktari atamwekea na la kushoto. Lisipomfaa, basi tena. Simu ilipolia, Kinyozi aliidaka kabla ya mwenyewe, akaweka spika, akailaza katikati ya vikombe vya kahawa. Nesi akauliza maumivu yamefikia ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi.

— Subiri kidogo sista, tunapiga hesabu, — akasema Kinyozi.

Profesa, tunayemwita hivyo kwa ajili ya miwani tu, akaonya kwamba tukitaja sifuri watasema mzee kapona kabisa, la kushoto asahau.

— Tuseme nane?

— Nane watasema goti limekataa mwili. Watalitoa wampe mgonjwa mwingine.

— Basi tano.

— Tano ni jibu la mwoga.

Injini akafungua mdomo. Tukamwambia atulie, si anaona tunampigania?

Kinyozi akaja na kipimo chake: matusi. Zamani Injini alitutukana tangu alfajiri, siku hizi anaanza saa sita mchana, kwa hiyo maumivu yamepungua nusu. Profesa akabisha kwamba chuma cha goti kikikaa juani kinapata moto, hivyo matusi ya mchana yasihesabiwe. Mimi fundi cherehani sikukubali kupitwa. Nikatoa futi shingoni, nikashikilia kwamba goti zima hupimwa kwa unene wa paja, na nilikuwa tayari kupima mapaja ya kijiwe kizima ili tupate wastani. Tukapandishana mori mpaka kahawa ikamwagika.

— Samahani, — sauti ya nesi ikatoka kwenye simu. — Hivi naongea na mgonjwa?

— Unaongea na kamati yake.

— Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?

Tukageuka. Mwisho wa benchi, alipokuwa amekaa Injini, hapakuwa na mtu. Tukachungulia duka la jirani, tukaangalia barabara juu na chini, hayupo. Tangu magoti yamharibikie, Injini hakuwahi kuinuka pale bila mimi na Kinyozi kumshika makwapa. Nikaiinamia simu kwa furaha.

— Sista, — nikasema, — hatujui. Kainuka mwenyewe, kaenda zake.