Robe Kumi na Nane, Patron Moja

Benchi la Mama Bitota limeegemea ukuta wa fundi Marc, hatua chache kutoka relini pale Kamina, na anayeketi hapo kunywa kahawa hana budi kuwa na maoni. Asubuhi hiyo Hulda, mwanafunzi wa chuo na sauti ya kwanza ya korali, alifika amevaa robe mpya ya Jumapili, sare ya korali aliyoishona Marc. Mkono wa kulia wa robe ulimkaa vizuri. Wa kushoto ulishuka ukapita vidole, maana mkono wake huo ulivunjika utotoni, ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Na prezidenti wa korali alishatangaza: atakayegeuza mshono wa robe yake hataimba.

— Fundi, pale juu ya mulango uliandika nini? Hulda alimuuliza Marc, aliyekuwa akinywa kahawa.

— "Tunapersonaliser." Si unajua kusoma?

— Najua. Sasa kupersonaliser njo kufanya nini?

Papa Dix-Heures, mzee mstaafu wa reli asiyewahi kukosa kahawa ya saa nne iliyompa jina hilo, alitua kikombe.

— Mwana wangu, ni kuandika jina. Angalia ndani ya kola: Hulda. Robe iko yako, maneno imeisha.

— Jina haifupishe mukono wa robe, Papa.

Kilo, muuza mahindi wa Kaniama, alidakia:

— Apana, mwili njo unajipersonaliser! Shemeji yangu soda, kule jeshini walimupa botte, viatu kubwa kumupita. Miezi tatu, miguu ikajifunza.

— Ikajifunza kutembea?

— Ikaongezeka!

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Hulda hakucheka.

— Minyi nilipewa bantu kumi na nane ya korali, Marc akajitetea. Nikakata patron moya, kipimo moya ya bote. Si Mungu alituumba bote kwa sura moya?

— Akatupima moya moya, alijibu Hulda.

— Basi peleka lalamiko kwake! Mukono yako njo iko na shida, si robe.

Hulda alihisi masikio yakiwaka. Tangu shule ya msingi alikuwa akiambiwa akunje, afiche, asimame nyuma.

— Rudia, alisema. Rudia kwa sauti, barabara yote isikie.

Marc akainamia kikombe chake. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja, Mbuyu, ametoka Bukama na kikapu cha samaki wakavu kichwani.

— Jambo yenu. Fundi, nataka blouse. Metre yako iko wapi, unipime?

Marc alipapasa shingo. Akapapasa mfuko. Akamtazama Papa Dix-Heures, naye akageukia reli. Kilo akachungulia chini ya benchi. Metre haikuonekana popote.

Hulda alipandisha kitambaa cha robe hadi kwenye kiwiko na kuunyoosha mkono wake mfupi mbele ya fundi, mchana kweupe.

— Azima metre kwa jirani. Anza na huyu mama, kisha huu mukono. Jumapili nitasimama mbele. Prezidenti akitaka kuuliza, aniulize minyi.