Wimbo wa Ilaitia na Kufuli Zake

Benchi la nje ya duka la Akuila, kijijini Naqalevu, lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia huanza kubishana hata kava, kinywaji chao cha mizizi, haijakorogwa. Jioni hiyo Ilaitia alifika roho juu. Wimbo alioutunga kwa miaka miwili ulikuwa uimbwe Jumamosi, kwenye mashindano ya kwaya za Wamethodisti. Alikuwa ameuweka mtandaoni ili waimbaji walioko Suva na Sydney wajifunze, na sasa aliogopa watu wa kijiji cha Waidrau, wanaombwaga kila mwaka, wasije wakamwibia.

— Nimeufunga kwa neno la siri, lakini moyo hautulii.

— Neno la siri kitu gani, mzee? alisema Mnara, mrefu kuliko wote na fundi wa mambo asiyoyajua. Zuia kunakili. Mtu akibonyeza, simu inamgomea.

— Ataupiga picha kwa simu nyingine, alisema Akuila, akimpa kifuu cha kava.

Mnara akapiga kofi, kama ilivyo desturi, akanywa.

— Basi jina lako liandikwe kubwa katikati ya kila ukurasa.

— Kwani wataliimba? aliuliza Akuila.

Betri, anayezimika katikati ya mazungumzo, akafumbua jicho.

— Andika kwa herufi nyeupe kwenye karatasi nyeupe.

— Na sisi tusome vipi?

— Kwa imani.

— Mimi ningetega, alisema Mnara. Mtu akinakili tu, simu inampigia mchungaji wake.

Ilaitia alicheka.

— Hilo neno la siri analijua nani? aliuliza Akuila.

— Wanakwaya tu. Nililitangaza kanisani Jumapili, baada ya mahubiri, asisahau mtu.

— Jumapili ipi?

— Hii iliyopita.

— Ile ya wageni?

Ilaitia akakumbuka safu mbili za mbele, zimejaa watu wa Waidrau, wengine wana kalamu mkononi. Alijisikia mjinga kabisa.

Gari la abiria likasimama. Mama mmoja akashuka, akainama kwa heshima mbele yao.

— Samahanini, wazee wangu. Natokea Waidrau. Ule ubeti wa tatu, besi wanaingia kabla ya akina mama au baada? Kwetu tumegombana tangu asubuhi.

Ilaitia aliumia, akatamani kulia. Akawageukia Mnara na Betri.

— Besi ni ninyi. Haya, mjibuni.

Mnara akakuna shingo.

— Mimi bado sijaufungua.

Betri akafumba macho tena.

— Neno la siri nimelisahau.